Waja leo, waondoka na mbao

Wapendwa, wengi mliniomba niyaandike yale niliyoongea siku ile shuleni kwetu hapa Tanga baada ya kupanda miti, maana spika iligoma katikati na waliokaa nyuma kwenye mwarobaini walisikia nusu nusu. Nimeandika kama nilivyoongea, nimeongezea pale nilipokuwa nimesahau. Sentensi ndefu mtanivumilia, mi ni mwalimu wa jiografia sio wa Kiswahili.

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu shikamooni, kina mama, wanangu wa form two na form four mliokaa juani poleni sana, sitachelewesha, najua wali unanukia hadi huku.

Tumepanda miche, tumepiga picha, zimeshaingia kwenye magrupu. Sasa mniruhusu niseme ukweli mmoja mbaya kabla sijaanza, nusu ya hii miche itakufa kabla ya Krismasi kama hakuna wa kuimwagilia, na picha zitabaki zinapendeza vile vile. Basi, hilo limepita.

Nimeambiwa niongelee misitu na maendeleo na nani alaumiwe kwa uharibifu wa mazingira. Mada kama hii kwa kawaida anakuja mtu na slaidi, anawaonyesha dubu mweupe amesimama kwenye barafu inayeyuka, mnamhurumia dubu, mnakula, mnaondoka. Mi nataka nianzie kwenye bomba lile pale, lile mlilokuwa mnagombania asubuhi kujaza madumu. Yale maji yametoka wapi? Nani anajua? Form four nawaangalia nyie.

Zigi. Mto Zigi, tena ahsante kijana. Mvua inapiga kule Amani, Usambara Mashariki, kama milimita 2000 kwa mwaka, inapokelewa na majani, inadondoka taratibu kwenye matakataka ya msituni yale meusi ukikanyaga mguu unazama, inaingia ardhini, alafu ardhi inaitoa kidogo kidogo mpaka Januari Februari ambapo huku chini mbuzi wenyewe wanatafuta kivuli. Inashuka, inakusanyika pale bwawa la Mabayani, inasafishwa, inakuja kwako Ngamiani, kwako Chumbageni, kwako Raskazone. Kwa hiyo ukioga asubuhi umeoga msitu. Ukinywa chai umekunywa msitu, na kama yale majani ya chai nayo ni ya Amani basi umekunywa mara mbili, maana ile chai yenyewe imepandwa mahali palipokuwa msitu.

Hapo ndo hadithi yangu inapoanzia.

Sisi wa Tanga tuna msemo wetu tunauandika mpaka kwenye kanga na nyuma ya daladala, waja leo waondoka leo. Tunajisifia. Eti mgeni akifika Tanga anapendwa mpaka hataki kuondoka, au mwingine atakwambia maana yake ni kinyume, kila mtu na tafsiri yake. Lakini ukiusoma huo msemo kwa macho ya msitu wa Usambara, una maana ya tatu ambayo haichekeshi. Wamekuja wengi, wameondoka, na hakuna aliyeondoka mikono mitupu.

Wa kwanza kuwataja ni Wajerumani. Mwaka 1892 bwana mmoja aliyekuwa mkuu wa wilaya hapa hapa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kiua cha zambarau kinaota kwenye miamba yenye kivuli, akapeleka mbegu kwao. Leo hicho kiua wanakiita Saintpaulia, jina la familia yake, kinauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani kwa mamilioni. Mwanangu, nenda kijiji chochote kule juu uulize wamewahi kupata shilingi ngapi za lile ua, watakuangalia kama umechanganyikiwa. Mwaka uliofuata, 1893, Richard Hindorf akaleta katani, miche iliyofika hai ni 62 tu, sitini na mbili, na kutoka hapo mkoa mzima ukageuka mashamba ya katani, manamba, yaani vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka kila kona ya nchi, na misitu ya tambarare, ya Muheza huku, ya Pangani, ikafyekwa. Alafu wakajenga mpaka kireli kidogo kutoka Tengeni kwenda Zigi, nacho kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo. Watu hawajengi reli kwenda msituni kwa ajili ya kuangalia ndege.

Waingereza wakaja, chai ikatanuka. Hao siwasemi sana leo, muda hautoshi na makosa yao mengi mnayo kwenye daftari la historia.

Nataka niseme ya kwetu wenyewe, baada ya uhuru, kwa sababu hapo ndo watu wanaanza kukohoa.

Miaka ya sabini na themanini kulikuwa na kiwanda cha mbao cha serikali hapa Tanga, na Finland wakatusaidia. Ilikuwa ni msaada wa maendeleo kabisa, kwa nia njema, mashine, magari, wataalamu wa kupima miti. Magogo ya mvule, ya mnyasa, miti ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki, yakawa yanashuka kutoka Usambara Mashariki. Na baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa utingo kwenye lori la magogo. Nasema hili makusudi ili asije mtu akafikiri nimekuja hapa msafi. Sare yangu ya darasa la kwanza ni gogo. Viatu vyangu vya Bata, gogo. Siku ya mshahara baba alikuwa anakuja na mkate wa siha na kilo mbili za sukari, na enzi zile sukari mnajua ilikuwa shida, jirani zetu wanachungulia mlangoni. Mi nilikuwa naupenda ule muungurumo wa lori, ukiusikia kwenye kona ya barabara unajua leo tutakula. Sasa mtu akija aniambie maendeleo na msitu ni vitu viwili tofauti namuona kama hajawahi kulala njaa.

Ila msitu ukaanza kuisha, wanasayansi wakapiga kelele, huko Finland kwenyewe watu wakaanza kuuliza hivi kodi zetu zinafanya nini kule, na ukataji wa mashine ukasimamishwa katikati ya miaka ya themanini. Alafu sikilizeni hii, mwaka 1991 Finland hao hao wakarudi na mradi mwingine, safari hii wa kuhifadhi msitu wa Usambara Mashariki. Bendera ile ile mlangoni mwa gari. Waliotupa pesa ya kukata ndo wakatupa pesa ya kulinda kilichobaki. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina yake Tanzania. Siwabezi Wafini, kwa kweli wengine wanakosea na hawarudi kabisa, hawa angalau walirudi na chepe na miche, na pia ile misumeno haikuwa inajiendesha yenyewe, kila kibali kilikuwa na saini ya Mtanzania, wengine wazee wetu tunawaheshimu. Lakini muone nani alibaki na mzigo.

Kwa sababu msitu ukishatangazwa hifadhi, lazima vipande viunganishwe, wanyama na mbegu zipite. Kukawa na ushoroba wa Derema. Na ndani ya Derema kulikuwa na wakulima zaidi ya elfu moja wana mashamba ya iliki. Iliki hamuijui nyie mnaijua kwenye pilau tu. Iliki inataka kivuli, kwa hiyo mkulima haangushi miti yote, anafyeka ya chini, anaacha mikubwa, anapanda chini yake. Miaka michache ardhi inachoka, kivuli kinapungua, anapanda mahindi au miwa au migomba, anasogea mbele. Ni kweli inaharibu, nani anabisha, msitu ambao hauoti watoto ni msitu wa wazee watupu, wakifa imeisha. Basi wakaambiwa waache. Fidia ikatafutwa, wafadhili wa nje wakachangia, ikalipwa, ila ilichukua miaka na malalamiko ya kutosha kuhusu kiasi na kuhusu ardhi mbadala. Sasa linganisha. Lori la baba yangu lilibeba kwa siku moja mti ambao mkulima wa iliki alikuwa anaulinda kwa kuwa anahitaji kivuli chake. Wa lori, na kiwanda, na mfadhili, hakuna aliyeng'olewa shamba. Aliyetakiwa kusogea ni yule wa mwisho kufika mezani, aliyekuta mifupa.

Hii ndo hoja yangu ya leo, sina nyingine. Msitu unaliwa na watu wengi kwa zamu, ila bili inapelekwa kwa yule aliyekutwa bado amekaa mezani.

Kuza picha sasa, tutoke Tanga.

Dunia nzima ndo hivyo hivyo. Uingereza mwanzoni mwa karne iliyopita msitu ulikuwa umebaki chini ya asilimia 5 ya nchi, wamekata wakajenga meli, wakachoma wakayeyusha chuma, wakafuga kondoo, na mpaka leo wakijitahidi wako kama asilimia 13. Hewa ukaa yote iliyorundikana angani tangu viwanda vianze, kutoka kwenye makaa ya mawe na mafuta na gesi, karibu robo nzima ni ya Marekani peke yake, na Afrika, bara zima hili, watu bilioni moja na nusu, haifiki asilimia 4. Mwaka 1992 kule Rio de Janeiro nchi zote zilikaa zikakubaliana kwa maandishi kwamba jukumu ni la wote lakini halilingani, waliochafua zaidi na wenye uwezo zaidi wabebe zaidi. Ni maneno mazuri, nayafundisha kila mwaka, wanafunzi wanayakariri, yanatoka kwenye mtihani. Utekelezaji wake sasa.

Ecuador, nchi ndogo kule Amerika ya Kusini, mwaka 2007 rais wao Rafael Correa alisimama akawaambia mataifa, jamani, chini ya msitu wetu wa Yasuní kuna mafuta, tukiyachimba tunaharibu msitu na mtayachoma mtaharibu hewa, basi tuyaache ardhini, nyie mtuchangie nusu ya ambacho tungepata, dola bilioni 3.6. Hapo mtu ameweka mezani bei, ameweka utaratibu, kazi kwenu. Unajua zilikuja ngapi mkononi? Kama dola milioni 13. Sio bilioni. Mwaka 2013 akaufunga ule mpango, visima vikachimbwa. Mwishowe ni wananchi wenyewe wa Ecuador, mwaka 2023, walipiga kura ya maoni wakasema mafuta yale yaachwe, yaani maskini ndo akajilipia mwenyewe ule mchango ambao tajiri aliukwepa.

Njoo hapa jirani, Congo. Ndugu zetu wa Kisangani wanaongea Kiswahili hiki hiki kwa lafudhi yao. Kule kwenye bonde la mto Congo kuna ardhi ya mboji ya kinamasi, wanasayansi waliipima wakatoa matokeo mwaka 2017, kubwa kuliko England nzima, kilomita za mraba 145,500, ndani yake kuna kaboni kama tani bilioni 30 imejificha kwenye matope. Matope hayo yakikaushwa tumeisha wote, sio Congo tu. Julai 2022 serikali ya Kinshasa ikatangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa hayo maeneo. Dunia ikapiga yowe. Na yowe lilikuwa la haki, mi mwenyewe nilishtuka. Ila katika nchi ile umeme wanaupata kama mtu mmoja katika watano, na mwaka ule ule, vita ya Ukraine imeanza, Ujerumani walikuwa wanarudisha mitambo ya makaa ya mawe kwenye gridi maana gesi ya Urusi imekatika na baridi inakuja. Wao baridi ni dharura. Giza la Mcongo sijui linaitwaje. Ule mnada ulifutwa Oktoba 2024, alafu 2025 vikafunguliwa vitalu vingine 52, kwa hiyo ngoma bado mbichi.

Na nyumbani je, Tanga hii? Mnanisubiri niseme Chongoleani, naona mnavyotabasamu. Bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu, mwisho wake ni hapo ng'ambo ya maji. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulipinga, wakataka lisimamishwe mwaka mzima, haki za binadamu, hifadhi za wanyama, hali ya hewa. Huku watu walikasirika sana, nakumbuka vijiwe vya kahawa viliwaka moto, wazee wanasema hawa jamaa wana mabomba mangapi kwao? Nina mtoto wa dada yangu amepata kazi ya kuchomelea kwenye mradi ule, amejenga chumba na sebule, amemtoa mama yake kwenye nyumba ya kupanga. Nimwambie nini, arudi kuendesha bodaboda kwa ajili ya dubu? Lakini pia sitaki mtu anidanganye kwamba kila anayelipinga lile bomba ametumwa na mzungu. Kuna watu wa vijiji vilivyopitiwa waliokaa miaka wanasubiri fidia na hawakuruhusiwa kupanda mazao ya kudumu, hao hawajatumwa na mtu, hao ni wajomba zetu. Na mwenye hisa kubwa, asilimia 62, ni kampuni ya Ufaransa. Kwa hiyo Bunge la Ulaya linatukemea sisi, kampuni ya Ulaya inachukua fungu kubwa, na mafuta yanaenda kuchomwa kwingine kabisa. Mi hapo huwa naishiwa maneno. Naamini tuna haki ya kutumia cha kwetu, na naamini pia kwamba haki ya kukosea waliyoitumia wenzetu haitupi sisi kinga ya mafuriko. Mvua haiangalii nani alianza.

Kuna lingine dogo nilitaje haraka. Ulaya wana sheria yao ya mwaka 2023, kahawa, kakao, mbao, mawese, vitu hivi vikitoka kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020 havitaruhusiwa kuingia sokoni kwao. Mkulima lazima shamba lake lipimwe, lijulikane lilipo kwenye ramani. Wameiahirisha mara mbili hiyo sheria, sio kwa ajili ya huruma kwa mkulima wa kihamba Kilimanjaro. Wazo lenyewe sina ugomvi nalo. Ila ile tarehe! Nani alichagua 2020? Ukikata msitu wako wote mwaka 1720 uko sawa, hati safi. Ukikata ekari mwaka 2021 ili usomeshe, wewe ndo mharibifu. Kila aliyeshiba kabla ya tarehe amesamehewa.

Makofi mengi hapo. Haya, shusheni mikono, maana sasa nakuja kwenu na hamtapiga tena.

Mkaa mnaopikia hapa mjini unatoka wapi? Unatoka Handeni, unatoka Kilindi, unatoka Mkinga. Unakuja usiku kwenye pikipiki, gunia tatu nyuma limejazwa mpaka lumbesa, kijana hana taa ya nyuma ili asionekane. Hii nchi inapoteza msitu hekta 469,420 kwa mwaka, ndo hesabu ya serikali yenyewe, gawanya kwa siku ni kama hekta 1,286 kila siku ya Mungu, Ijumaa, Jumapili na Idd. Sehemu kubwa ni mashamba, lakini mkaa upo, na mkaa hauliwi kijijini. Kijijini wanaokota kuni. Mkaa ni chakula cha mjini.

Kwa hiyo kwa mtu wa Handeni, sisi ndo Ulaya yake. Tumemaliza ya kwetu, mikoko tumekata, mapori ya hapa pembeni yamekuwa viwanja, sasa tunakula ya kwake kwa bei ya kutupa, na wakati huo huo tunamtumia askari wa misitu amkamate. Anakamatwa mchomaji kwenye tanuri lake, macho mekundu, mguu una kovu la moto. Hakamatwi mnunuzi. Mi sijawahi kusikia mwanamke wa mjini amepelekwa mahakamani kwa kuwa na jiko la mkaa jikoni kwake, na wala siombi iwe hivyo, Mungu apishe mbali, nitakuwa wa kwanza. Nasema tu kwamba kila lawama tunayomtupia mzungu kuhusu msitu, Mzigua wa Handeni anaweza kuichukua ilivyo, neno kwa neno, akaturushia sisi. Umekula kabla yangu. Unanikataza bila kunilipa. Umeme uko kwako, lami iko kwako, hospitali iko kwako, mimi ndo nilinde miti?

Na maji pia, hivyo hivyo. Miaka ya 2003 na 2004 kule Amani iligundulika dhahabu kwenye vijito, pale Sakale, watu wakamiminika kwa maelfu, wakachimbua kingo, maji yakageuka tope mpaka huku. Serikali ikawafukuza, na ilibidi, tungekunywa nini. Ila waliofukuzwa walikuwa vijana kama nyie, wa hapa hapa. Tunawataka waishi juu ya dhahabu, wasiiguse, ili sisi tuoge. Sawa. Wanapata nini?

Mwaka 2024 Tanga tulitoa hatifungani ya kijani kwa ajili ya maji, yaani tulikopa pesa kwa wawekezaji tuwarudishie na riba, shilingi bilioni 53.12, riba asilimia 13.5, ikauzwa mpaka ikazidi kiasi. Nilijivunia jamani, mji wetu huu wa baiskeli umefanya kitu ambacho wengine walikuwa hawajathubutu. Lakini nilijiuliza, mwenye hatifungani anaijua tarehe yake ya riba, ameiandika kwenye kalenda. Mama mwenye shamba pembeni ya kijito cha Zigi, aliyeambiwa aache mita kadhaa bila kulima, apande matete na migomba ya kuzuia udongo, yeye tarehe yake ni ipi? Sisemi hakuna kinachopanda juu, kuna mfuko wa kuhifadhi milima ya Tao la Mashariki, hii ya Usambara ikiwemo, unasaidia vijiji mizinga ya nyuki, miche ya viungo, majiko banifu, kuna vikundi vya wakulima wa bonde la Zigi vinafanya kazi nzuri. Nasema yule mama anapewa kama msaada kitu ambacho kilitakiwa kiwe malipo. Msaada unasema ahsante, malipo unadai.

Inawezekana ikawa malipo, na mfano upo Kilosa, tena wa mkaa huo huo. Kuanzia 2012, kwa mradi uliolipiwa na Uswisi, vijiji vikatenga sehemu ndogo ya msitu wao wa miombo kwa ajili ya mkaa, wakaigawa vipande vya mita 50 kwa 50 kama bao la drafti, unakata kimoja unaruka kimoja, mzunguko miaka 24. Mti wa miombo ukikatwa vizuri kisiki kinachipua chenyewe, huhitaji hata kupanda, huhitaji hata kupiga picha. Mchomaji ana kibali cha kijiji, anayenunua analipa ushuru kijijini, kwenye ofisi, mchana, sio usiku kwa polisi jamii. Pesa ile ikajenga madarasa, zahanati. Na mtu ambaye msitu unamjengea darasa humwekei askari, yeye mwenyewe ndo askari. Sio mpango wa peponi, una kelele zake, kanuni zinabadilika badilika juu huko na kijiji kinabaki kinashangaa, na mkaa wa wizi wa jirani huwa ni rahisi zaidi kwa sababu haujalipa chochote. Hapo mnunuzi wa mjini ndo anaamua. Ukichagua gunia la bei chee, umechagua.

Najua serikali inasukuma nishati safi, taasisi zenye watu zaidi ya mia zilitakiwa ziache kuni na mkaa mpaka mwisho wa Januari 2024, na lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Natamani ifike. Shule yenye jiko la gesi nimeiona, na shule yenye jiko la gesi mbele na rundo la kuni nyuma ya choo pia nimeiona, siwataji.

Maswali yalikuwa matatu, mawili niliyajibu nikiwa nimeshika sahani, mtanisamehe. La tatu naliandika kwa sababu liliulizwa mbele ya watu wote. Mama mmoja, anauza mkaa wa makopo hapo karibu na soko, alisimama na mtoto mgongoni akasema, mwalimu umeongea vizuri, umetugusa, lakini wewe hapo nyumbani kwako unapikia nini?

Watu walicheka sana. Nikamjibu, mama, chai na mayai napikia gesi. Maharage, makande, ndizi nyama, nikija na wageni, mkaa. Mtungi mdogo unaisha ndani ya wiki tatu ukichemshia maharage na mshahara wa mwalimu unaujua. Gunia lipo nyuma ya mlango, nililinunua Jumamosi kwa kijana wa pikipiki, sikumuuliza limetoka kijiji gani wala kama lina risiti. Akaniuliza, basi Jumamosi ijayo utamuuliza? Nikamwambia nitamuuliza, na akinitajia bei ya lenye risiti tutakaa mimi na wewe tuone kama tunaiweza. Akasema, mi hiyo bei naijua tayari mwalimu, ndo maana siliuzi.